Mita Mia Tatu za Kumtangulia Mkwe Mwenzangu

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Baridi imeingia. Leo asubuhi nimeiona pumzi yangu hewani kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nimeipokea kwa kikohozi cha dakika saba. Mzee amezihesabu. Mume wangu ni fundi saa, na kuhesabu dakika ndiyo namna yake ya kuniambia ananipenda.

Zahanati saa tatu. Daktari amesikiliza mgongo wangu, akaniuliza kama nakumbuka ya mwaka jana. Nimesema sikumbuki. Akanikumbusha. Joto lilipogeuka kuwa baridi nililala wodini siku tisa na mrija wa hewa puani. Aibu tupu! Mimi niliyepika shule ya bweni miaka ishirini na sita, kuni chini, mvuke juu, wanafunzi mia sita, na sikuwahi kuchelewesha hata kifungua kinywa kimoja. Moshi wa jiko lile ndio uliyala mapafu yangu kidogo kidogo. Ugonjwa sugu wa mapafu. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kadi yangu, kwa wino usiofutika. Nimejaribu.

Nikaingiza ombi langu kwa sauti tamu. Binti yangu anajifungua mwezi huu. Mtoto wake wa kwanza, mjukuu wetu wa kwanza. Anaishi milimani, siku nzima kwa basi, kwenye baridi ya kuumiza meno. Naomba ruhusa ya kwenda.

Daktari hakusema hapana. Alisema jambo baya zaidi. Alisema itategemea. Nitapuliza kile kipima pumzi kila asubuhi mara tatu na kuandika namba kubwa. Ni mrija wenye mshale, unapuliza, mshale unakimbia na kubaki pale pumzi ilipouacha. Kuanzia 220 ni kijani. Chini yake ni njano. Chini zaidi ni nyekundu, na huko hatutaki hata kuzungumzia. Siku tano za mwisho, mpaka asubuhi ya tarehe 18, ziwe kijani zote. Na tarehe 18 yenyewe nitembee mita mia tatu kwa dakika sita kwenye ukumbi wa zahanati. Nikishindwa, nisubiri majira yatulie. Miezi miwili!

Miezi miwili! Mkwe Mwenzangu, mama yake mume wa binti yangu, tayari ana tiketi ya tarehe 20. Katika miezi miwili atakuwa amembeba mtoto mpaka amezoea harufu yake. Mimi nitafika kama mgeni wa kupewa chai.

Nimechomwa sindano ya mafua nikiwa bado nimekasirika. Sikuisikia hata kidogo.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Nimepata ufumbuzi kabla ya saa nne asubuhi.

Kule bwenini tulikuwa na daftari la usafi wa jiko. Kila siku uandike umesugua meza saa ngapi, umefunika mapipa saa ngapi. Nani ana muda huo na sufuria sita motoni? Nililijaza wiki nzima kwa mkao mmoja, kwa kalamu tatu tofauti. Wakaguzi walikuja, wakapekua, wakanisifu. Mwaka mmoja nilipewa cheti.

Kwa hiyo nimeijaza kadi ya Daktari. Yote, mpaka tarehe 18. Nimeanza na 230, nikapanda taratibu kama mtu anayepata nafuu. Jumapili nimejipunguzia, nikaandika 225, nisionekane nina majivuno. Siku ya mwisho nimeweka 310. Kazi safi. Kipima pumzi nimekirudisha kwenye boksi lake kipumzike.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Msiba. Sista wa zahanati hupita majumbani kwa wagonjwa wa mapafu majira yanapogeuka. Hakuna aliyeniambia! Ameingia na mkoba wake, akaomba kadi. Nimempa kwa kifua mbele.

Mwanzoni alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza leo tarehe ngapi. Nikamwambia. Akauliza ile 225 ya Jumapili ijayo nimeipuliza lini.

Nimesema nilikuwa natabiri. Sista amesema ameuguza watu wa kila aina, lakini hajawahi kukutana na mtu anayepumua kesho. Mzee alikuwa mezani amefungua saa ya mteja. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nitalikumbuka hilo.

Nimepewa kadi mpya na sharti jipya. Nipulize mbele ya Mzee, na Mzee atie sahihi kila siku. Mzee! Mtu aliyewahi kutembea saa nzima kumrudia mteja, kumwambia kwamba saa aliyomtengenezea inachelewa sekunde nne kwa wiki. Huyo hapindiki. Nimepuliza hapohapo. 224. Kijani kwa ukucha.

Mchana Mkwe Mwenzangu amepiga simu. Anapanda ngazi za nyumba yao mara tatu kwa siku, anajiandaa na vilima. Ameniambia pole mara nne. Pole ya nne ilikuwa na dharau ndani yake. Halafu akacheka kicheko kirefu cha mtu mwenye hewa ya kuchezea, na katikati ya kicheko akakata simu bila kwaheri. Maringo hayo!

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Naandika nikiwa nimeegemezwa mito mitatu. Mzee hajui kwamba naandika. Anadhani nimelala.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu na upepo wa kupenya mifupa. Nikawaza. Majira yamegeuka nje. Ndani ya nyumba yangu nani ameyapa ruhusa? Mzee alipoondoka kwenda kwenye kibanda chake cha saa, nilifunga madirisha yote, nikaziba chini ya mlango kwa kanga, nikaingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa, si kuni! Moshi wa kuni naujua, nimeupigia hesabu miaka ishirini na sita. Mkaa uliokolea hauonyeshi moshi wowote. Nilijiona nina akili kuliko Daktari.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa raha. Niliimba. Baadaye kichwa kikaanza kugonga, kifua kikabana, na hewa ikakataa kushuka. Nilivuta, haikuja. Nilitaka kusimama, miguu ikawa si yangu. Nikatambaa mpaka mlangoni, na pale mlangoni ile kanga niliyozibia kwa ustadi ikakataa kutoka.

Mzee alikuwa amesahau kioo chake cha jicho, kile cha kukuzia vipuri vya saa. Hilo tu ndilo lililomrudisha. Alisukuma mlango, akanivuta nje barazani, akalitupa jiko la mkaa kwenye mvua. Akaleta pampu yangu ya dharura ya kufungua kifua na ile chupa ya plastiki ya kuvutia dawa, akanishikia mdomoni. Akawa anazihesabu pumzi zangu kwa sauti, moja moja.

Niliogopa. Ngoja niliandike mara moja tu, maana sitalirudia. Niliogopa sana.

Baadaye alinipa kipima pumzi. 150. Njano, na nyekundu iko pale mlangoni inabisha hodi. Nilimsihi aandike 200. Ameandika 150, ametia sahihi, ameongeza na saa.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Sista amekuja kwa simu ya Mzee. Nilijiandaa kwa kugombezwa, nikawa na majibu matatu tayari. Hakunigombeza. Alikaa pembeni ya kitanda akanisikiliza mgongo kwa muda mrefu, akasema mkaa unaweza kuua hata mtu mwenye mapafu mapya. Akanipa vidonge vya siku tano. Majibu yangu matatu yameharibika bila kutumika.

Maagizo: pampu ya kila siku asubuhi na jioni, hata nikijisikia mzima, na nisukutue mdomo. Madirisha yafunguliwe mchana jua likitoka. Nikitoka asubuhi nifunike pua na mdomo kwa shali. Nitembee polepole kila siku, nivute hewa kwa pua, niitoe kwa midomo iliyobanwa, taratibu, kama ninayepooza mchuzi kwenye mwiko. Hili la mwisho nimelielewa mara moja. Nimepooza mchuzi maisha yangu yote.

Binti yangu amepiga. Mzee amemwambia kila kitu, msaliti. Alisema, Mama, mimi nakutaka wewe hapa, lakini nakutaka ukiwa unapumua. Nikamwambia mbona napumua. Akasema anasikia jinsi ninavyopumua. Nilipokata simu nililia kidogo, na Mkwe Mwenzangu hakuwa sababu.

Jumatano, tarehe 13 Mei

215. Kesho ndipo zinapoanza siku tano za kuhesabiwa, na mimi bado nina pengo la tano. Tano! Nimemwambia Mzee mshale umekwama. Ameuchunguza kwa kile kioo chake cha jicho, akaupaka mafuta tone moja, akasema haujakwama.

Nimevaa shali. Nilikuwa nimeapa sitalivaa, ni shali la wagonjwa. Jirani amelisifia na kuniuliza nimelinunua wapi. Nimeanza kulivaa hata ndani.

Kwa kuwa sina njama yoyote kwa sasa, nafuata maagizo. Hivi hivi tu, kwa kukosa la kufanya.

Ijumaa, tarehe 15 Mei

Jana 222. Leo 231! Mzee alitia sahihi kwa herufi kubwa kuliko kawaida. Sielewi namba hizi zimetoka wapi. Nadhani ni yale mafuta ya kwenye mshale.

Lakini mita mia tatu hazipakwi mafuta. Nimejaribu kwenye ujia wetu, Mzee na saa mkononi. Dakika ya nne nimeshika ukuta. Nikaona hapa panahitaji akili.

Leo nimekwenda zahanati kwenye mazoezi ya kupumua na nimepeleleza ukumbi. Wanaweka ndoo mbili nyekundu, moja kila mwisho, mita thelathini katikati. Unatoka ndoo hii unafika ile, thelathini. Safari kumi ni mia tatu. Sista anahesabu safari, ardhi haipimi. Nikajiuliza, ndoo moja ikisogea ndani mita tano, nani atajua?

Mfagizi wa zahanati ni mtu mzima mwenye masharubu, lakini alikula bwenini kwangu miaka minne na mpaka leo ananiita Mama Mwiko. Nimemvuta pembeni. Nikamwambia Jumatatu asubuhi anapofagia anaweza kuisahau ndoo ya mwisho mahali pa ndani kidogo. Aliutazama ufagio wake kwa muda mrefu. Akasema, Mama Mwiko, tutaona. Kwa mtu niliyemwongezea sahani kila siku bila kuombwa, hilo ni ndiyo.

Jumatatu, tarehe 18 Mei

238 asubuhi. Siku tano, zote kijani, sahihi tano za mtu asiyepindika.

Ukumbini Sista alisimama na saa ya kusimamisha. Mzee akasimama na yake, hakuamini ya Sista. Ndoo ya mwisho ilionekana mbali sana, lakini nikajiambia hiyo ni ustadi wa mfagizi, ameisogeza bila kuonyesha.

Nikaanza bila presha. Kwa nini nikimbie? Njia ni fupi. Nikatembea kwa madaha, hewa kwa pua, mchuzi kwenye mwiko. Safari ya tatu nikamsalimia mgonjwa kwenye benchi. Safari ya sita dakika ya nne ikanikamata, kifua kikasema basi. Nikasimama nimeegemea ukuta. Sista akasema kusimama kunaruhusiwa, lakini saa haisimami. Mzee alikuwa amekunja midomo, anapooza mchuzi pamoja na mimi. Nikamtazama, nikatoa hewa anapotoa, nikavuta anapovuta. Halafu nikaondoka ukutani.

Safari ya kumi niliimaliza zikiwa zimebaki sekunde nane. Nikaongeza hatua za bakshishi. Mita mia tatu na sita! Sista alinikumbatia. Daktari ametia sahihi ruhusa: pampu zote mbili mkobani, shali, kupumzika siku ya kwanza, na kurudi zahanati baada ya wiki mbili.

Nikamtafuta mfagizi nimshukuru. Akaapa hakuigusa ndoo. Anasema Sista alizipima mwenyewe kwa utepe asubuhi, na yeye aliona aibu kunipigia simu. Nikamwambia naelewa, kuta zina masikio. Akaapa tena. Mtu mnyenyekevu sana huyu, analinda kazi yake. Mita mia tatu za kweli ningeziwezaje mimi?

Tumefika nyumbani, simu inaita, ni mume wa binti yangu. Mtoto amezaliwa! Msichana, saa tano na dakika kumi, wakati mimi nazunguka ndoo. Mama mzima, mtoto mzima. Tumeshikana mikono na Mzee tukacheka kama watoto wa shule.

Kisha mkwe wetu akaongeza, kwa furaha, kwamba mama yake yuko pale tangu jana. Alibadilisha tiketi.

Tangu jana! Nimefunga sanduku kwa hasira hata nimefungia mkono wa shati la Mzee ndani, Mzee akiwa amelivaa.

Jumatano, tarehe 20 Mei

Tulifika jana saa kumi na moja jioni. Kutoka kituoni ni kilima. Nilipanda kwa mapumziko manne, shali mpaka machoni, mdomo umebanwa. Njiani nilitunga hotuba ya kumpongeza Mkwe Mwenzangu kwa kunitangulia. Ilikuwa fupi na yenye sumu.

Sikuitumia. Nimemkuta jikoni, kwenye kigoda, amejikunyata, kifua kinapiga miluzi. Mkononi ana pampu. Pampu kama yangu! Kumbe ana pumu miaka kumi na miwili na hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mkoba wake. Jumapili alishuka basi akakipanda kilima kile mbio, kwenye upepo, kichwa wazi, ili awe wa kwanza. Amefika wa kwanza. Mkunga akasikia kifua kile, akasema hajui kama ni pumu peke yake au ni mafua, na kwa hiyo hamgusi mtoto. Kila asubuhi mkunga hupita, huangalia mshale wa kipima pumzi chake. Ukifika 240, atambeba. Siku tatu sasa Mkwe Mwenzangu anamwona mjukuu kwa mbali, kupitia mlangoni.

Jana jioni mkunga alipita pia kumwangalia mzazi, akanigeukia mimi. Akaomba kadi. Sahihi za Mzee akazisoma moja moja. Akasikiliza mgongo wangu. Akasema, nawa mikono, Mama, karibu.

Nimembeba. Bibi wa kwanza kumbeba! Ni mwepesi, joto kama mkate uliotoka sasa hivi. Anapumua haraka haraka, bila kufikiri, kama kitu cha bure. Binti yangu ameegemeza kichwa begani kwangu akasema, Mama umefika. Nikapooza mchuzi mara tatu. Si kwa sababu ya mapafu.

Na Mzee ananiambia ndiyo matunda ya kufuata maagizo. Maagizo? Nani aliyepanga suala la ndoo?

Lakini leo asubuhi furaha imeingia doa. Nilikwenda jikoni kuchukua maji ya moto, nikamkuta Mkwe Mwenzangu analia bila sauti, kipima pumzi magotini. 170. Aliniuliza mtoto ana nywele nyingi au kidogo. Wiki mbili nimemwombea mabaya mwanamke huyu, na leo nimemhurumia. Nikavuta kigoda, nikamfundisha mchuzi kwenye mwiko. Nikampa shali langu. Sista angeniona angenipa cheti.

Alipotulia nikamwuliza mkunga humtazama anapopuliza, au huangalia mshale tu. Akasema huangalia mshale tu, na mkunga huyo ana haraka sana.

Mimi leo nimepuliza 251.

Tumekubaliana. Kesho saa mbili kasorobo, mkunga akiwa bado yuko getini, nitampulizia. Yeye abane kikohozi mpaka mkunga aondoke. Mzee ameingia akauliza mbona tunanong'ona, nikamjibu ni mambo ya wakwe. Ametutazama wote wawili, kisha ameitazama saa yake.

Wasiwasi wa nini? Miaka yote madaktari wananionea huruma kwa ajili ya mapafu haya, na leo kuna mtu mzima, mwenye akili zake, anayeomba kuyaazima. Nimemwambia asijali, yanatosha kwa wawili. Nalala mapema nisiyachoshe.